Mwaka Mmoja na Siku Moja

Nilikwenda Uingereza kumsalimia mume wangu. Nikajikuta nakesha uwanjani na watu wanaojiita wapagani, tukisubiri jua. Nilichokisikia mchana wake ndicho kilichonikosesha usingizi.

Hebu niambie, wewe na mwenzi wako mara ya mwisho kuulizana "tunaendelea?" ilikuwa lini? Sizungumzii ule ugomvi wa saa sita usiku, mmoja anapanga nguo kwenye begi na kutishia kurudi kwao. Nazungumzia kukaa chini mmeshiba, hakuna aliyenuna, halafu mmoja anamuuliza mwenzake kwa upole: bado unanitaka?

Mimi mhariri wenu, ninayewapa ushauri wa mapenzi kila mwezi kana kwamba nimezaliwa nao, sikuwahi kuliuliza swali hilo katika miaka tisa ya ndoa. Nililisikia likiulizwa mbele za watu Juni 2025, kwenye bustani ya nyumba moja kijijini karibu na Salisbury, kusini mwa England. Muulizaji alikuwa mama wa makamo mwenye taji la maua kichwani. Alikuwa kuhani wa kipagani.

Tulia mpenzi msomaji, usifunge gazeti. Sijabadili dini. Mimi ni Mlutheri, mwanakwaya mstaafu, na nilikwenda kutazama tu. Lakini hata ukienda kutazama tu, kuna vitu vinakutazama na wewe.

NILIFIKAJE HUKO?

Baba Watoto ni nesi. Mwaka 2023 alipata kazi Uingereza, mkataba wa miaka mitatu. Tulikubaliana haraka mno, kama watu wanaokimbilia daladala. Ada za watoto zilikuwa zinapanda, nyumba ilikuwa imefika kwenye renta na kusimama, na kila mtu alisema tuna bahati.

Mwanzoni tulipigiana simu ya video kila usiku. Baada ya mwaka ikawa Jumatano na Jumapili. Baadaye mazungumzo yakabaki matatu tu: pesa umeipata, watoto hawajambo, mtandao unakatika. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Hakukuwa na nyumba ndogo. Tulikuwa tumegeuka wafanyakazi wawili wa kampuni moja inayoitwa familia, kila mmoja kwenye tawi lake.

Juni 2025 nikachukua likizo ya wiki tatu, nikawaacha watoto kwa mama yangu, nikapanda ndege nikiwa na mchele wa Kyela, pilipili ya kusaga na hofu.

Siku ya nne Baba Watoto akaniambia kuna nesi mwenzake wa zamu ya usiku ametualika. "Ijumaa wanakesha Stonehenge, Jumamosi mchana ana shughuli yake na mzee wake. Ila ujue, ni wapagani."

"Wapagani wa vipi?" nikauliza.

"Wapagani wa kwenye fomu. Anaandika kabisa kwenye sehemu ya dini."

SIKU AMBAYO JUA LINASIMAMA

Sisi watu wa karibu na ikweta mambo haya hatuyajui vizuri. Dar es Salaam, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki hata saa moja. Na kwa kuwa tuko kusini ya ikweta, Juni ndiyo kwanza tuna siku fupi. Jua letu ni la kuaminika, kama mshahara wa serikali: si mwingi, lakini unakuja.

Kule ni habari nyingine. Dunia hulizunguka jua ikiwa imeinama, karibu nyuzi 23 na nusu. Inapofika Juni, upande wa kaskazini ndio unaoelekea jua. Siku zinarefuka taratibu mpaka tarehe 20 au 21, zinapofika mwisho wake. Kwa siku chache mahali jua linapochomozea hapasogei, kana kwamba limesimama kuvuta pumzi. Neno la Kilatini lililozaa jina la kitaalamu, solistisi, maana yake ndiyo hiyo: jua kusimama. Halafu linageuka, na siku zinaanza kufupika.

Stonehenge, siku hiyo jua huchomoza saa 11 kasoro dakika 8 alfajiri na kuzama karibu saa 3 na nusu usiku. Ni zaidi ya saa 16 na nusu za mwanga! Lakini ukienda Desemba, mwanga haufiki hata saa 8. Baba Watoto aliniambia majira ya baridi anaingia kazini giza na kutoka giza, na kuna wiki nzima anaweza asilione jua isipokuwa kwenye dirisha la wodini. Hakuwahi kuniambia hayo kwenye simu. Ukiyasikia ndipo unaelewa kwa nini mtu mzima anaweza kulicheza jua ngoma.

NI WAPAGANI GANI HAWA?

Kwetu "mpagani" ni tusi, au ni mtu ambaye hajabatizwa. Kule ni jina ambalo watu wamejichagulia. Katika sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales, watu kama 74,000 waliandika dini yao ni upagani, na wengine kama 13,000 waliandika Wicca, ambalo ni tawi mojawapo. Wapo pia wanaojiita Madruidi. Hawana kitabu kimoja wala askofu mmoja. Kinachowaunganisha wengi wao ni kuyaona maumbile, yaani miti, mwezi, jua na majira, kuwa ni matakatifu.

Usidhani ni dini iliyoshuka moja kwa moja kutoka enzi za mawe. Wicca ilitangazwa kwa umma na Gerald Gardner, Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa wa forodha Malaya. Kitabu chake kilichoitambulisha kilitoka mwaka 1954, miaka mitatu baada ya Uingereza kuifuta sheria yake ya zamani kuhusu uchawi. Mwaka wao una sikukuu nane, na hii ya siku ndefu wengi huiita Litha. Jina hilo linatokana na miezi ya Waingereza wa kale iliyoandikwa na mtawa Bede katika karne ya 8, lakini sikukuu yenyewe ilipachikwa jina hilo miaka ya 1970, na Mmarekani Aidan Kelly. Bibi yangu ameizidi umri.

Baadhi yao hujiita wachawi, waziwazi, bila kupepesa macho. Hapo nilikaa kimya. Natoka nchi ambako vikongwe wameuawa kwa kushukiwa tu jina hilo. Yule nesi alipoona uso wangu alinieleza kwamba kwake neno hilo lina maana ya mtu wa mitishamba, maombi na mwezi. Nikamwambia kwetu lina maana nyingine, na kuna watu wamelilipia kwa roho zao. Akasema, "Hata huku liliwahi kuua." Tukaelewana.

Kilichonishika zaidi ni hadithi wanayoisimulia siku hiyo. Wanasema kuna wafalme wawili wanaogawana mwaka. Mfalme wa Mwaloni hutawala siku zinaporefuka. Mfalme wa Holi, ule mti wa majani yenye miiba ambao baridi hauupukutishi, hutawala zinapofupika. Wanapigana mara mbili kwa mwaka. Katika siku ndefu kuliko zote, Mfalme wa Mwaloni akiwa kwenye kilele cha nguvu zake, ndipo anaposhindwa. Hadithi hiyo ilipata umaarufu kupitia mshairi Robert Graves, katika kitabu chake cha mwaka 1948.

Yaani wanapiga ngoma siku ileile jua linapoanza kupungua, na wanalijua hilo. Nilimuuliza yule nesi kama hiyo haiharibu sherehe. Akacheka. "Ndiyo maana tunakesha," akasema. "Hatutaki lipite tumelala."

USIKU WA MAWE

Ijumaa jioni tarehe 20 tulipanda basi Salisbury. Kwa usiku huo mmoja Stonehenge hufunguliwa bure, kuanzia saa 1 jioni mpaka saa 2 asubuhi, na watu huruhusiwa kuingia katikati ya mawe. Siku za kawaida unalipa na unatazama kwa mbali. Masharti yapo: hakuna pombe, hakuna kupanda juu ya mawe, hakuna spika za kupiga muziki. Ngoma za mkono ruksa.

Ruhusa hiyo haikuja kirahisi. Kulikuwa na tamasha la bure hapo tangu 1974 hadi 1984. Juni 1, 1985, polisi waliuzuia msafara wa waliokuwa wakienda na kuwapiga vibaya, kisha kwa miaka mingi watu wakafungiwa siku hiyo. Mwaka 1999 mahakama ya juu ya Uingereza ikatoa hukumu iliyotetea haki ya kukusanyika kwa amani barabarani, na mwaka 2000 milango ikafunguliwa tena.

Mawe yenyewe yanakutia adabu. Yale makubwa yana wastani wa tani 25 kila moja, na yalisimamishwa miaka kama 4,500 iliyopita. Yalivutwa kutoka msitu ulio kama kilomita 25. Yale madogo yalitoka Wales, zaidi ya kilomita 200. Na jiwe moja la katikati, la tani kama 6, wataalamu waligundua mwaka 2024 kwamba lilitoka kaskazini-mashariki ya Uskoti, zaidi ya kilomita 700. Ni kama mtu alivute jiwe kutoka Mbeya mpaka Dar, bila lori wala lami! Walioyaweka waliyapanga yaelekee jua linapochomoza siku ndefu na linapozama siku fupi. Madruidi wa kale hawakuwa wao. Walikuja miaka kama 2,000 baadaye.

Kuna kisa kimoja Baba Watoto alikirudia mara tatu usiku ule. Mwaka 1915 Stonehenge iliuzwa kwenye mnada. Mnunuzi alikuwa Cecil Chubb, mwenyeji wa maeneo hayo, kwa pauni 6,600. Inasimuliwa kwamba mkewe alimtuma mnadani kununua viti. Jamaa akarudi na Stonehenge. Inasemekana mama hakufurahi, na mwaka 1918 wakaitoa zawadi kwa taifa. "Unaona?" mume wangu akaniambia. "Na wewe unalalamika nilinunua pikipiki."

Tulicheka mpaka watu wakageuka. Nikashtuka kidogo: sikukumbuka mara ya mwisho tulipocheka pamoja bila mtandao kukatika.

Watu walikuwa wengi, kama 25,000 kwa hesabu iliyotolewa. Wapagani wenyewe kwenye umati ule si wengi kihivyo. Wengi ni watalii, vijana na familia zilizofunika watoto kwa mablanketi. Lakini pale katikati walikuwepo wenye kanzu nyeupe na mataji ya majani ya mwaloni, wakipiga ngoma tangu usiku wa manane, na kwa jinsi mikono ilivyokuwa ikienda ungedhani uko Bagamoyo.

Alfajiri ngoma zikazidi. Halafu upande wa lile jiwe la peke yake nje ya duara, linaloitwa Jiwe la Kisigino, kukatokea ukingo mdogo mwekundu. Watu wakapiga kelele, simu elfu zikainuka. Mimi sikuinua yangu. Nilikuwa namtazama mume wangu, mwanga ukimpiga usoni. Ana mvi. Nyingi tu, pembeni ya masikio. Miaka miwili nazungumza na uso ule kila wiki, na simu haikuwahi kunionyesha mvi.

MCHANA WAKE, BUSTANINI

Saa 7 mchana, jua likiwa juu kabisa na joto limepita nyuzi 30, Waingereza wakijipepea na mimi wa Dar najiona nyumbani, tulikusanyika bustanini watu kama ishirini. Yule nesi na mwenzake walifungwa mikono tarehe 20 Juni 2024, siku ya jua la mwaka ule. Ndoa ya kufungwa mikono ndiyo arusi ya wapagani wengi: maharusi hushikana mikono, na kuhani huizungushia tepe na kufunga fundo. Wengine huapa maisha, wengine huapa "maadamu upendo upo". Hawa waliapa mwaka mmoja na siku moja. Siku hiyo ilikuwa leo.

Nisisitize kwa wapenda sheria: England haiitambui ndoa hiyo peke yake, mpaka muende kwa msajili wa serikali. Uskoti kuna viongozi wa kipagani wenye kibali cha kufungisha ndoa kisheria.

Tulisimama duara. Kuhani akasalimia pande nne: mashariki kwa hewa, kusini kwa moto, magharibi kwa maji, kaskazini kwa ardhi. Kisha akawageukia wale wawili, akasema maneno ambayo nayaandika kama nilivyoyashika: mwaka umekwisha na siku moja imeongezeka. Leo hakuna kinachokufunga. Unabaki?

Yule bwana hakujibu haraka. Kimya kilikuwa kirefu hadi nikatazama viatu vyangu. Nilitegemea ajibu kama tunavyojibu kanisani, ndiyo ya mdomo iliyofanyiwa mazoezi. Mwishowe akasema, "Nabaki. Lakini nataka tuhamie karibu na mama yangu, amezeeka." Watu wakacheka. Yule nesi hakucheka. Alimtazama, akasema, "Nabaki. Na hilo la mama tutaliongea leo, si kesho."

Wakafungwa tepe tatu, nyekundu, kijani na nyeupe. Wakaruka ufagio uliolazwa majanini, wakakata mkate na kunywa pombe ya asali. Basi. Hakuna kamati, hakuna michango, hakuna kadi za watu wawili na za mtu mmoja.

SISI SASA

Tulirudi kwa miguu mpaka kituo cha basi. Baba Watoto alikuwa kimya, nikadhani usingizi. Tulipokaa kwenye benchi akasema, "Mama Watoto, kuna kitu sijakwambia."

Moyo ukaruka. Nyie mnajua sentensi hiyo huwa inafuatiwa na nini.

Kazini walikuwa wamempa mkataba mpya. Miaka miwili mingine baada ya huu kuisha. Barua alikuwa nayo tangu Aprili.

Nilikasirika sana, nisiwadanganye. Kilichoniuma hakikuwa mkataba, kilikuwa ile miezi miwili. Miezi miwili ya "watoto hawajambo?" huku barua iko kwenye droo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema: "Kwenye simu hatuna nafasi ya mambo makubwa. Na niliogopa utasema saini. Niliogopa zaidi ukisema saini kuliko ukisema rudi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mume wangu alikuwa hajui kama namtaka arudi. Na mimi, nikijipima kweli, nilikuwa nimeacha kumwambia. Hakuna siku tuliyoacha kupendana. Kuna siku tu ambayo mwanga ulianza kupungua, na sote wawili tulikuwa tumelala.

Nikamuuliza swali la yule mama mwenye taji. Hapo kwenye benchi, bila tepe. "Leo hakuna kinachokufunga. Unabaki?"

Akasema ndiyo. Langu, nitakuwa mkweli kwenu, lilichukua muda. Basi la kwanza lilipita, hatukupanda. Nilisema yangu yote: usiku wa homa ya mtoto, vikao vya shule peke yangu, kitanda kikubwa. Naye akasema yake, hata lile la giza asubuhi na giza jioni. Basi la pili lilipokuja nilikuwa nimeshajibu. Nilisema nabaki, na kwamba barua ile haisainiwi na mtu mmoja.

Haikusainiwa. Tulikubaliana amalize mkataba wa kwanza, arudi, tutafute hela za renta tukiwa nyumba moja. Ni hasara, tumeipigia hesabu, tunaijua. Na tarehe 22 Juni 2026, mwaka mmoja na siku moja baada ya benchi lile, tuliizungushia duara kwenye kalenda ya jikoni, siku ya kuulizana tena.

UNAWEZA KUCHUKUA NINI HAPA?

Sikuambii ukafungwe mikono na kuhani wa jua. Kiapo changu ni cha maisha na nimekiweka mbele ya madhabahu yangu. Lakini kiapo cha maisha hakikatazi swali la kila mwaka. Haya ndiyo niliyorudi nayo:

1. Chagueni tarehe. Iwe ya ndoa, iwe ya siku mliyokutana, iwe yoyote. Ikishawekwa, mwenye kuuliza haonekani mchokozi.

2. Ulizaneni mkiwa vizuri. Swali hili likiulizwa wakati wa ugomvi linageuka kuwa silaha.

3. Ruhusuni kimya. Mwenzio asipojibu papo hapo hajakukataa. Anafikiri, na hiyo ni heshima.

4. Ruhusuni "lakini". Yule bwana alisema nabaki, lakini mama amezeeka. "Lakini" ikisemwa mapema ni mazungumzo. Ikifichwa inakuwa barua kwenye droo.

5. Mambo makubwa yasisubiri mtandao uwe mzuri. Kama mko mbali, pangeni simu moja kwa mwezi isiyotaja ada wala kodi.

Haya mpenzi msomaji, ukimaliza ukurasa huu mpe gazeti mwenzio alipokaa. Usimwambie kitu. Kaa tu karibu, uone atafika kwenye mstari gani ndipo ainue macho.